Baba Mwenye Sare na Nywele za Binti Yake

Hakuna askari asiyejua maana ya ukaguzi. Tangu siku zake za ukuruta hufundishwa kwamba buti lisilong'aa, kifungo kilichoachwa wazi au kofia iliyokaa upande ni dalili ya uzembe. Lakini uko ukaguzi mwingine unaofanyika kila asubuhi bila ya tarumbeta wala sajini-meja, nao ni wa watoto wetu wanapotoka makambini kwenda shule. Mwalimu huwatazama, wenzao huwatazama, na kwa mtoto wa kike jambo la kwanza kuonekana aghalabu huwa ni kichwa chake.

Zamani baba hakuulizwa lolote juu ya kichwa hicho. Ilikuwa kazi ya mama, ya shangazi au ya jirani wa mlango wa pili. Leo mambo yamebadilika. Wanawake wamo jeshini na wamo katika polisi. Hukaa lindo usiku, huendesha magari na kuongoza doria. Tangu mwezi Machi 2007, Uganda ilipopeleka askari wake wa kwanza Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, familia za makambini zimejifunza kwamba anayeaga nyumbani kwa miezi mingi anaweza kuwa mama, na anayebaki na watoto akawa baba. Wako pia askari waliofiwa na wake zao, na wako ambao wake zao wanalima shamba la kijijini huku watoto wakisoma mjini.

Kwa baba wa namna hiyo, asubuhi ya Jumatatu si jambo dogo. Uji uko jikoni, saa ya shule inakaribia, saa ya gwaride inakaribia, na mbele yake amesimama binti wa miaka sita mwenye nywele zilizoshikana, naye hajui aanzie wapi. Hapo ndipo wengi wetu huchukua moja ya njia mbili. Wa kwanza huita mkasi na kumaliza shauri. Wa pili humpeleka mtoto kwa msusi, akamwambia, "Suka, na ukaze sana, ili zikae mwezi mzima." Njia hizi zote mbili zaonekana kuwa rahisi. Ya kwanza humnyang'anya mtoto kitu chake bila ya kumwuliza. Ya pili, kama tutakavyoona, yaweza kumnyang'anya kitu hicho hata asikipate tena maishani.

Makala haya yana neno moja la kusema: mtindo wa haraka na rahisi kwa mtoto wa kike ni ule usiomvuta, na kila baba anayejua kufunga kamba za buti anaweza kuujifunza.

KAZI YA MASHUJAA

Wako watakaocheka kusikia kwamba mwanamume mwenye cheo aketi chini na chanuo mkononi. Hao wakumbuke desturi za majirani zetu. Morani wa Kimaasai, ambao ushujaa wao haukupata kutiliwa shaka, hufuga nywele ndefu na kusukana wao kwa wao, mwanamume kwa mwanamume, kisha huzipaka mafuta na udongo mwekundu. Nywele hizo hunyolewa katika sherehe ya Eunoto, morani anapopanda daraja, na anayemnyoa ni mama yake mzazi. Hapa kwetu Karamoja, wanaume walizoea kuzitengeneza nywele zao kwa udongo hata zikawa kama kofia, wakazipaka rangi na kuchomeka manyoya ya mbuni. Kazi hiyo ilitaka subira na mkono mwepesi, na hakuna aliyeiita kazi ya kike.

Mkono wa askari umekwisha kufundishwa subira hiyo. Anayeweza kuifungua bunduki, akaisafisha kipande kwa kipande na kuiunga tena bila ya kupoteza hata pini moja, hashindwi na mafungu matatu ya nywele.

IJUE TABIA YA NYWELE

Kabla ya kuingia katika eneo lolote, askari hujifunza ardhi yake. Nasi tuanze hivyo.

Unywele wa kipilipili ukitazamwa kwa hadubini hauonekani wa mviringo kamili, bali una ubapa kidogo, nao huota kwa kujipinda na kujizungusha. Kila penye mpindo pana udhaifu, na hapo ndipo unapokatika. Tena, mafuta ya asili yanayotoka katika ngozi ya kichwa hushuka kwa shida katika unywele uliopinda, ndiyo maana nywele zetu hukauka upesi kuliko nywele za singa. Kichwa cha mtu huwa na nywele zipatazo 100,000, na unywele hukua kwa kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, pengine pungufu ya hapo. Kwa hiyo baba akimkatia binti yake sentimita kumi kwa chanuo kikavu na mkono wa hasira, mtoto atangoja karibu mwaka mzima kuzirudisha.

Kutokana na tabia hiyo hupatikana kanuni tatu. Kwanza, usichane nywele kavu. Zilainishe kwa maji na mafuta. Pili, anza kuchana kwenye ncha, uteremke hatua kwa hatua kuelekea shinani. Usianzie utosini na kuvuta kwa nguvu. Tatu, shika fungu la nywele karibu na ngozi kwa mkono mmoja huku ukichana kwa mkono wa pili, ili mvuto wote uishie kiganjani mwako na usifike kichwani mwa mtoto. Baba akizishika kanuni hizi tatu, kilio cha Jumatatu kitapungua hata kabla hajajifunza mtindo wowote.

MATAYARISHO YA JUMAMOSI

Kazi ya haraka ya asubuhi hutegemea matayarisho ya siku ya mapumziko. Osha kichwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyokausha, ukisugua ngozi kwa ncha za vidole na si kwa kucha. Suuza mpaka maji yatoke safi. Kausha kwa kubonyeza taulo, wala usiisugue. Nywele zingali na unyevu, zigawe mafungu manne: mawili mbele na mawili nyuma. Paka mafuta, kisha chana fungu moja baada ya jingine kwa chanuo lenye meno mapana. Kitana chenye meno ya karibu karibu kiwekwe kando. Kazi yake ni kusaka chawa.

Kuhusu mafuta, hakuna haja ya kutafuta chupa za bei kubwa. Walio katika vikosi vya kaskazini wanaujua mti wa yaa, unaoota Acholi, Lango, Teso na Nile Magharibi. Mafuta ya mbegu zake, ambayo wenyeji huyaita moo yaa, hulainisha nywele na kuzuia unyevu usitoke upesi. Mafuta ya nazi nayo yafaa. Kipimo ni kidogo tu: kiasi cha kung'arisha viganja viwili kwa kichwa kizima cha mtoto.

MITINDO MINNE YA BABA

Mtindo wa kwanza ni mabutu, yaani nywele kugawanywa mafungu machache makubwa. Huu ndio wa kuanzia. Chora njia kutoka katikati ya paji la uso hadi kisogoni, na njia ya pili kutoka sikio hadi sikio. Utapata mafungu manne. Ligawe kila fungu sehemu tatu zilizo sawa, kisha suka kwa hesabu: ya kulia ipite juu ya ile ya kati, ya kushoto ipite juu ya ile iliyo katikati sasa, rudia kulia, rudia kushoto, mpaka ufike nchani. Kama unataka kufunga, tumia kitambaa au utepe laini. Mipira ile myembamba ya kufungia fedha isitumike, maana hukata nywele; na ikiwa imekwisha kufungwa, ikate kwa mkasi badala ya kuivuta. Kwa baba aliyezoea, mabutu manne huchukua kama dakika kumi.

Mtindo wa pili ni misokoto. Hapa fungu hugawanywa sehemu mbili tu. Kila sehemu isokote peke yake kuelekea kulia, kisha zizungushe zote mbili pamoja kuelekea kushoto. Askari yeyote aliyepata kuichunguza kamba ya katani ataelewa mara moja: kamba haifumuki kwa sababu nyuzi zake zimesokotwa upande mmoja, na kamba yenyewe upande wa pili. Misokoto kumi au kumi na miwili hutosha kichwa cha mtoto. Itengeneze Jumapili jioni, nayo itafika Ijumaa.

Mtindo wa tatu ni ule ambao watu wa Pwani huuita twende kilioni. Ni mistari iliyonyooka kutoka usoni hadi kisogoni, isiyo na nakshi yoyote. Jina lake lenyewe laonyesha kwamba ni msuko wa mtu mwenye haraka, aliyepata habari ya msiba na hana nafasi ya kujipamba. Hapa Uganda wengi huita biswahili misuko ya namna hii, inayosukwa kwa nywele zenyewe. Kazi yake huenda kwa hatua. Moja: kwa ncha ya chanuo, chora mstari kutoka mbele hadi nyuma. Mbili: shika fungu dogo penye mwanzo wa mstari, uligawe sehemu tatu. Tatu: suka mara mbili kama ulivyosuka mabutu. Nne: tangu hapo, kila unapovusha sehemu moja, okota nywele kidogo zilizo chini yake na kuziunga nayo. Tano: ukifika kisogoni hapana tena cha kuokota, suka mpaka nchani na kuacha. Mistari sita au saba yatosha. Baba anayejifunza asikate tamaa ikiwa mara ya kwanza atatumia saa nzima na mistari ikatoka kama njia ya mbuzi. Afumue, ajaribu tena wiki ijayo. Hakuna kuruta aliyelenga shabaha vizuri siku ya kwanza.

Mtindo wa nne ni wa uzi. Fungu la nywele huzungushiwa uzi wa kusukia, kuanzia shinani hadi nchani. Faida yake ni kwamba nywele hunyooka bila ya moto wala dawa, na uzi ni wa bei ndogo. Hatari yake ni kwamba mizunguko ya kwanza ikikazwa sana, uzi huvuta shina lote. Kwa hiyo anza kwa mkono mlegevu, na kukaza kidogo tu unapokwisha kuiacha ngozi.

Kwa mitindo yote minne, usiku mfunge mtoto kitambaa laini kichwani ili mto usinyonye mafuta wala kuzisugua nywele. Na msuko wowote usikae zaidi ya wiki mbili. Kichwa cha mtoto kinahitaji kufumuliwa, kuoshwa na kupumzika.

MADHARA YA KUKAZA

Sasa tufike kwenye jambo zito. Tangu mwaka 1907 kumeandikwa habari za wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, waliopoteza nywele za mbele kwa sababu ya kuzifunga na kuzivuta kwa nguvu miaka mingi. Nchi ile iko mbali nasi na nywele za watu wake si kama zetu, lakini ugonjwa ni ule ule tunaouona leo kwa wasichana na wanawake wengi wa Afrika: paji la uso linalozidi kupanuka, na upara juu ya masikio. Sababu yake ni kuvutwa. Shina la unywele likivutwa mara kwa mara huvimba, kisha hudhoofu. Likipata nafuu mapema, unywele huota tena. Likiendelea kuvutwa kwa miaka, shina hufa na mahali pake hubaki kovu lisiloota kitu. Hapo hakuna mafuta wala dawa ya dukani itakayoliamsha.

Na mwanzo wa hayo yote huwa utotoni, pale mtu mzima aliposema, "Kaza ili zidumu."

Dalili zake hazijifichi kwa baba mwenye macho. Mtoto akilalamika kichwa kumwuma usiku wa siku aliyosukwa. Akishindwa kukunja uso au kuinua nyusi. Ngozi ya kando ya paji ikivutika na kung'aa. Vijipu vidogo vikitokea penye mashina ya nywele. Hayo yote ni ishara. Usimwambie avumilie, wala usimwambie kwamba uzuri una gharama. Mwambie, "Pole, mama," kisha fumua saa hiyo hiyo. Nywele zile laini za pembezoni mwa paji ziachwe huru daima. Hazina nguvu ya kubeba msuko.

Nywele za bandia nazo zisitiwe kichwani mwa mtoto mdogo. Uzito wake huongeza mvuto, na desturi ya kuzichovya ncha zake katika maji yanayochemka imekwisha kuwaunguza watu migongo na mabega. Shanga zipendeze machoni, lakini mtoto aliye chini ya miaka mitatu asivishwe, maana huweza kuitoa moja na kuimeza, ikamkaba.

DAWA ZA KUNYOOSHA

Kuna wazazi wanaotafuta wepesi katika dawa za kunyoosha nywele. Nyingi katika dawa hizo zina magadi makali sana, yaani haidroksidi ya sodiamu, ambayo ndiyo hutumika kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba ya maji machafu. Hata zile zinazouzwa kwa jina la watoto hunyoosha unywele kwa kuuvunja umbo lake. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima; huungua upesi, na kovu la kichwani halioti nywele. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya na mazingira walieleza kwamba, katika wanawake wapatao 34,000 waliowafuatilia kwa muda wa miaka kumi na moja hivi, wale waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi kwa wingi kuliko wasiozitumia. Uchunguzi huo ulihusu watu wazima, na haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Hata hivyo mzazi mwenye busara hahitaji ushahidi zaidi ili kuiacha chupa dukani.

KUHUSU KUNYOA

Tusiwaonee waliochagua wembe. Shule nyingi za Uganda hudai nywele fupi, na amri ya shule ni amri. Nywele fupi ni safi, huoshwa kila siku, na mtoto huweza kujitunza mwenyewe. Lakini kunyoa nako kuna kanuni zake. Wembe mmoja ni wa kichwa kimoja, kwa kuwa damu kidogo tu huweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Mashine ya kinyozi isafishwe kwa spiriti kabla ya kumgusa mtoto wako, na usione haya kuomba jambo hilo.

Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, hayo huenda ni mapunye. Mapunye huletwa na kuvu wanaoingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo mafuta ya kupaka peke yake hayayaponyi. Dawa yake ni ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maagizo ya daktari. Mpeleke mtoto zahanati ya kambi. Machanuo, kofia na taulo za nyumbani zisitumiwe kwa pamoja mpaka apone, na ndugu zake nao wachunguzwe.

Na kama shule haidai nywele fupi, mwulize mtoto. Binti wa miaka sita ana maoni yake juu ya kichwa chake, na kuulizwa na baba yake ni heshima ambayo haisahau. Akitaka kunyoa, mnyoe. Akitaka mabutu, keti umsuke.

ROBO SAA

Tukijumlisha, kazi yote hii huchukua muda mfupi: saa moja Jumamosi kwa kuosha na kuchana, nusu saa Jumapili jioni kwa kusuka, na dakika tano kila asubuhi kwa kupaka maji na mafuta kidogo na kurekebisha palipolegea. Jumla yake ni kama robo saa na dakika chache kwa siku.

Katika robo saa hiyo mtoto huketi chini, baina ya magoti ya baba yake, hawezi kukimbia na baba naye hawezi kuondoka. Basi huzungumza. Husema ni nani aliyempiga shuleni, ni somo gani lililomshinda, na ni nani katika kambi anayemtisha. Mambo mengi ambayo mtoto hawezi kuyasema uso kwa uso huyasema huku amegeuza kisogo. Baba aliyekuwa mbali kazini kwa mwaka mzima, na akarudi kumkuta binti anayemwogopa, asitafute njia ndefu ya kumrudia. Achukue chanuo, achukue mafuta, aite jina la mtoto kwa sauti ya upole.

Kwa hiyo, maafisa na askari, na ninyi ndugu wa polisi: Jumamosi ijayo, buti likisha kung'arishwa, kaeni na binti zenu. Anzeni na mabutu manne. Na mkimaliza, msiukague msuko kwanza. Utazameni uso wa mtoto. Ikiwa anacheka na kukimbilia kioo, kazi imepita ukaguzi.